Anayelipwa kwa kuni hawezi kukwambia uuache mti

Jakaranda za Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, zikianza kumwaga maua barabarani, mwezi wa tisa hivi, huanza pia msimu wa kugonga mageti. Huja vijana wawili au watatu: mmoja ameshika msumeno wa mnyororo, tronsoneze kama tunavyosema hapa, mwingine ana kamba begani, wa tatu ana panga. "Mama, ule mwembe ni hatari. Mvua iko karibu." Zamani walikuwa wachache na tulijuana nao. Tangu misumeno ya bei nafuu ijae madukani, makundi matatu yanaweza kupita kwenye avenyu moja ndani ya wiki moja. Wakataji wa siku nyingi wamekasirika. Wanasema vijana hawa wamevunja bei na kuchafua kazi. Wenye parsele, yaani viwanja vya nyumba, nao wananung'unika kwamba miti inaachwa imesimama kama nguzo, haina hata jani la kumfunika kuku. Dawa inayotajwa mtaani ni moja, ingawa ina majina mengi: wapigwe marufuku, wapewe kadi, msumeno ulipiwe patanti, yaani leseni ya biashara.

Mimi naona tumemkamata asiye mwizi. Bei ya kazi hii haikuvunjwa na msumeno wa bei nafuu. Ilikuwa imekwisha kuvunjika tangu wenye miti na wakataji walipokubaliana, bila karatasi wala kikao, kwamba mshahara wa mkataji ni kuni. "Kata, uchukue kuni." Ndio mkataba wenyewe, na ndio unaotumika kuanzia mtaa wa Golf hadi Katuba, mara nyingine ukiongezewa dola chache za kununulia petroli. Vijana wa leo wameukuta mkataba huo na wanautekeleza kwa kasi kuliko waliowatangulia, basi. Mtu anayelipwa kwa kuni hawezi kukushauri uuache mti, kama vile usivyomwuliza mwenye bucha kama mbuzi wako atapona. Na mradi ushauri hauna bei, hakuna atakayeutafuta, hakuna atakayejifunza kuutoa, na kazi yote itabaki mashindano ya nani anaangusha haraka zaidi.

Ili tuone jinsi tulivyofika hapa, tukumbuke mji wenyewe. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, katikati ya pori la miombo, kwa ajili ya shaba. Miombo ikakatwa, na katika nafasi yake ikapandwa miti ya kigeni: jakaranda kutoka Amerika ya Kusini, flamboyanti ya Madagaska, mkaratusi wa Australia. Huko kwenye komini za mji, Kamalondo, Kenya na Katuba, wazee wa kampuni ya shaba ya Union Minière, na baadaye ya Gécamines iliyoirithi, walipanda miembe na miparachichi ndani ya parsele zao, kwa ajili ya kivuli na watoto. Waliopanda wengi wamekwisha kuzikwa. Miti imebaki, imezeeka, imepita paa, imezifikia nyaya, na imerithiwa na watu ambao hawakuchagua iote pale. Wakati huohuo pori la miombo limezidi kusogea mbali na mji, kwa sababu karibu kila jiko la jiji hili linapika kwa makala, yaani mkaa. (Neno hilo kwetu lina maana mbili, na hii unayoisoma ndiyo ile isiyowaka.) Kadiri pori lilivyokwenda mbali, ndivyo mti wa ndani ya ukuta ulivyopata thamani ambayo babu aliyeupanda hakuijua: ulikuwa kuni zilizosimama, tena karibu na barabara. Hapo ndipo "kata, uchukue kuni" ilipopata maana. Mwenye mti aliona ameondolewa tatizo bure, na mkataji aliona amepewa mali bure. Biashara ambayo kila upande unadhani umepata bure ina mtu wa tatu anayeilipia. Hapa ni mti, na baada ya miaka michache ni paa la jirani.

Msimu uliopita nilikaa asubuhi nzima kwenye parsele moja ya Kampemba nikimtazama mkataji wa miaka sitini hivi. Alifika saa moja na nusu, na mpaka saa tatu kasoro robo alikuwa hajagusa msumeno. Aliuzunguka mwembe mara mbili. Aligonga shina kwa ubapa wa panga, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza mlango: ko, ko, ko, pande zote nne. Akaegemeza ngazi, akapanda hadi kwenye tawi nene lililoelekea bati la jirani, akagonga tena. Ko, ko, halafu pu. Akarudia mahali palepale: pu. Juu kidogo palikuwa na kisiki cha tawi lililokatwa miaka mingi nyuma, na kwenye kisiki uyoga mgumu uliobandikwa kama kisahani. Aliingiza ncha ya panga, akatoa unga wa mbao wenye unyevu, akaunusa, akashuka. Akaomba mbwa afungwe, kamba ya nguo ishushwe, watoto wapelekwe upande wa barabara. Mwenye nyumba alikuwa na haraka ya kwenda sokoni. "Papa, mti ni huo. Unaangalia nini tena?" Mzee akajibu bila kugeuka: "Mama, naangalia utaangukia wapi, kabla wenyewe haujaniambia." Mwisho wa yote aliondoa tawi lile moja na kupunguza jingine, mwembe ukabaki umesimama. Na malipo? Kuni za matawi mawili na noti ndogo, pamoja na lawama: "Mbona umekata kidogo hivi?" Saa nzima na robo ya kugonga na kunusa, ambayo ndiyo iliyookoa mti wa mama na bati la jirani, haikuwa na bei popote katika mazungumzo yale.

Sasa tufanye hesabu, maana wengi wanaamini kuni ni malipo mazuri. Tuseme mwembe mzima umetoa tani mbili za kuni mbichi. Karibu nusu ya uzito huo ni maji, kwa hiyo inabaki tani moja kavu. Tanuri la udongo la kienyeji hutoa makala kama asilimia kumi hadi ishirini ya uzito wa kuni. Tuchukue katikati, tunapata kilo 150, yaani magunia matatu ya kilo hamsini. Toa petroli na mafuta ya msumeno. Toa mnyororo, unaokula misumari ambayo vizazi vitatu vimepigilia shinani kwa ajili ya kamba za nguo. Toa mkokoteni wa kusafirisha, siku tatu nne za kulinda tanuri lisishike moto wazi, na magunia matupu. Kilichobaki gawanya kwa watu watatu. Halafu nenda sokoni na makala ya mwembe, uwasikilize akina mama wanaojua makala ya miombo wakikwambia kwamba haya yako ni mepesi, yatakwisha kabla bukari, yaani ugali, haijaiva. Anayekimbilia kuuza magogo kwa wachoma matofali anakutana na jambo jingine: matofali, yale ya udongo wa vichuguu ambavyo mji huu umejaliwa, huchomwa kiangazi. Kazi ya kukata miti humiminika mvua inapoanza. Kwa hiyo mkataji ana magogo mengi, mabichi, katika miezi ile ile ambayo mnunuzi hana haja nayo. Huo ndio mshahara tunaouita mzuri. Na kwa kuwa ni mdogo hivyo, njia pekee ya kuukuza ni kukata zaidi katika kila mti, na ndipo tawi moja lenye ugonjwa linapogeuka kuwa kichwa kizima.

Hapa huja hoja ninayoisikia kuliko zote, na ambayo ni dhaifu kuliko zote: kwamba mti ukikatwa kichwa "unapata nguvu", na ushahidi ni yale machipukizi mengi yanayotoka baada ya wiki chache. Ni kweli yanatoka. Lakini mti huo hauna nguvu, una njaa. Umenyang'anywa majani, ambayo ndiyo jiko lake, kwa hiyo unatumia akiba yote kurudisha majani upesi kabla haujafa. Machipukizi hayo huota kutoka kwenye vichipukizi vilivyolala chini ya gome, na hushikwa na tabaka za juu tu za mbao, si kama tawi la kawaida ambalo limekua pamoja na shina tangu likiwa changa na kufumwa ndani yake. Wakati huohuo kidonda kikubwa cha juu kinaanza kuoza. Baada ya miaka michache mti umerudi kwenye urefu wake wa zamani, ila sasa una fimbo ishirini nzito zilizosimama juu ya mbao iliyooza. Mvua ya Januari ikija na upepo, ndizo zinazovunjika, na jirani anapiga kelele kwamba mti mkubwa ni hatari, anaitwa kijana wa msumeno, na anachukua kuni za duru ya pili. Mmarekani Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya nchi yake aliyefariki mwaka 2006, alipasua maelfu ya miti kwa urefu ili aone vidonda vinafanya nini ndani. Aliutumia msumeno wa mnyororo, na napenda kuwakumbusha hilo wanaoamini kwamba adui ni chombo. Alionyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi yetu inavyopona; unakizungushia ukuta, kisha unaota mbao mpya nje ya ukuta huo. Kila tawi, pale linapoungana na shina, lina uvimbe kama kola ya shati. Ukikata nje kidogo ya kola hiyo, ukuta unajengwa vizuri. Ukiikata kola yenyewe ili shina lipendeze kuwa laini, umeubomoa ukuta. Ukiacha kisiki kirefu, umeacha mlango wa uyoga, kama ule wa Kampemba. Na kupaka rangi au lami juu ya kidonda, jambo ambalo wateja wengi hulidai na wengine hata hununua rangi wenyewe, hakuzuii kuoza.

Tawi zito linatakiwa mikato mitatu: wa kwanza kutoka chini, mbali kidogo na shina, ili gome lisichanike, wa pili kutoka juu, mbele yake, tawi lianguke, wa tatu pale kwenye kola, kuondoa kisiki. Muda unakuwa mara tatu, na mikato miwili ya ziada haiongezi hata kijiti kimoja kwenye rundo la kuni. Mkataji anayelipwa kwa rundo akifanya hivyo anajitoza faini mwenyewe. Ndiyo maana sioni haja ya kumhubiria kijana kuhusu upendo wa mazingira. Wengi wao nimezungumza nao. Wanajua, au wanahisi, kwamba wanaharibu. Wanachojua vizuri zaidi ni kwamba kufanya vizuri hakulipi.

Hoja nzito ni nyingine, nayo ni ya pesa. Mama wa Katuba aliyerithi mwembe hana dola themanini za kumpa mtu. Kwake kuni ndizo pesa pekee ambazo mti unaweza kutoa leo, na kulipa kwa kuni ni namna ya mkopo ambao maskini anajipatia bila kwenda benki. Ukimwambia alipe taslimu, hatamwita mtaalamu. Hataita mtu, mpaka mti uanguke. Hoja hii siipuuzi, na ndiyo iliyonifanya niache kusema, kama nilivyokuwa nikisema zamani, kwamba malipo ya kuni yakome kabisa. Ninachosema sasa ni kwamba kuni na kazi viandikwe kwenye mistari miwili. Kabla msumeno haujawashwa, mkataji na mwenye mti waonyeshane kwa kidole tawi gani linaondoka na gani linabaki. Kazi hiyo ipewe bei, tuseme dola 50. Kuni zitakazotoka kwenye matawi hayo, na hayo tu, zipewe bei, tuseme dola 20. Kama mkataji anazitaka, mama anadaiwa 30. Kama mama anazitaka, anadaiwa 50. Pesa inayotoka mfukoni mwa mama inaweza isizidi sana ile ya jana. Lakini mkataji hana tena sababu ya kupanda juu zaidi, kwa kuwa tawi la ziada halimo kwenye hesabu, na mama kwa mara ya kwanza anaona kwamba alikuwa akitoa mali, hakuwa akifanyiwa hisani.

Kuna njia nyingine ambayo naipenda zaidi, ingawa si ya kila mti. Mparachichi mzuri hutoa matunda ambayo mwenyewe hawezi kuyala yote, na mwembe vilevile. Nusu ya maembe ya mtaa huoza chini mwezi wa kumi na mbili. Mkataji alipwe sehemu ya matunda ya msimu ujao. Nimeona watu wawili wakikubaliana hivyo, kwa utani kwanza, halafu kweli. Anayesubiri matunda hawezi kukata kichwa cha mti. Atarudi mwenyewe kuangalia kama mchwa wamepanda.

Wanaotaka kadi na marufuku wanasema kwamba bila serikali hakuna kitakachobadilika. Wana sehemu ya haki: kazi inayoweza kuua mtu kwa dakika moja haipaswi kufunguliwa kwa yeyote aliyenunua chombo asubuhi. Lakini tuwe wakweli kuhusu kadi katika mji huu. Kadi inathibitisha kwamba mtu amelipa, haithibitishi kwamba anajua. Kijana atainunua, na gharama yake ataifidia palepale anapofidia kila kitu, juu ya mti. Yule mzee wa Kampemba, asiyejua kusoma sana, ndiye atakayeshindwa kujaza fomu. Kama serikali inataka kusaidia, ianzie kwenye ujuzi. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, ambayo imekuwa ikifundisha watu ufundi tangu 1964, ingeweza kubeba somo la majuma machache la kupanda kwa kamba, kunoa mnyororo na kusoma mti. Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina watu wanaojua miti ya hapa na magonjwa yake. Na kwa anayetaka kutoka gizani bila kujitwisha kampuni nzima, sheria za OHADA, yaani sheria za biashara zinazotumiwa kwa pamoja na nchi kadhaa za Afrika, ambazo Kongo ilijiunga nazo mwaka 2012, zina nafasi ya mfanyabiashara mdogo anayejitangaza tu bila kujiandikisha kama mfanyabiashara kamili, kwa sharti la kuandika kila siku kilichoingia na kilichotoka. Daftari la shule linatosha. Wakataji wengi ninaowajua hawawezi kukwambia mwezi wa Februari waliingiza kiasi gani, kwa sababu waliingiza kuni, na kuni hazisemi.

Nizungumzie kifo kidogo, kwa kuwa bei mbaya hufika huko mwishowe. Matawi mengi yanayotakiwa kukatwa yapo karibu na nyaya. Njia sahihi ni kuomba SNEL, shirika la umeme, wakate umeme kwenye mstari huo, jambo linalohitaji muda na barua. Anayelipwa kwa rundo hana muda, kwa hiyo anafanya ambalo kila mtu hapa analijua: anasubiri umeme ukatike wenyewe, halafu anapanda haraka. Umeme uliokatika kwa mgao hurudi bila kupiga hodi. Na hata usiporudi, jenereta ya jirani iliyounganishwa bila swichi ya kutenganisha inaweza kusukuma umeme kwenye waya ambao wewe unaamini umekufa. Halafu wapo vijana wa chini, wanaovuta kamba na kuburuta matawi, bila kofia ngumu, wengine kwa ndala. Hao ndio wanaoangukiwa, na hawamo kwenye mkataba wa mtu yeyote. Wenye nyumba hufikiri kwamba likitokea baya ni la mkataji. Ibara ya 258 ya Kitabu cha Tatu cha sheria ya madai, sheria yenye umri wa tangu 1888, inasema aliyesababisha madhara kwa kosa lake ayalipe, na ibara ya 260 inakwenda mbali zaidi, inamgusa pia mwenye kuwajibika kwa watu anaowatuma na vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Mti wako ni kitu kilicho chini ya ulinzi wako. Ukimpa kazi mtu kwa sababu ni wa bei ya chini, na hakuwa na kamba wala kofia, usidhani kwamba mbele ya hakimu utakuwa mtazamaji.

Kwa mkataji anayetaka kuishi kwa kazi hii, na si kupita tu, nadhani kuna mambo mawili yanayomhusu leo kuliko msumeno mpya. La kwanza ni kalenda. Mvua yetu, kama milimita 1,200 kwa mwaka, karibu yote inashuka kati ya Novemba na Machi. Wateja hupiga simu mvua ya kwanza ikishaangusha tawi la mtu, wote wiki moja, na wote wanataka leo. Halafu kuanzia mwezi wa tano kimya. Mkataji aliye na daftari la miti, si la wateja tu bali la miti yenyewe, anaweza kupiga simu mwezi wa saba: "Mama, lile tawi la upande wa choo, nije nilione tena kabla ya upepo." Kiangazi udongo ni mgumu, ngazi haizami, mbao ni nyepesi kidogo, na mchoma matofali ananunua magogo. Mwembe una adabu yake: kiangazi unatoa maua, na mwenye nyumba hatakubali uyaguse. Basi kiangazi ondoa tawi la hatari peke yake, na kupunguza majani panga baada ya mavuno, maembe yakiisha. Mteja akisikia hivyo anajua anazungumza na mtu anayejua mwembe. Na huyo hatamlinganisha na kijana wa getini, kwa kuwa kijana hawezi kumwambia lolote ila "leo".

La pili ni kuuza macho. Hapa najua nitachekwa. Nani katika Lubumbashi atalipa mtu kuja kutazama mti? Lakini tunamlipa fundi anayetazama gari kabla ya kulinunua Kasumbalesa, mpakani na Zambia, tena kwa furaha, kwa kuwa tunajua kilicho chini ya boneti kinaweza kutufilisi. Mti wa mita kumi na tano juu ya chumba cha watoto una uzito kuliko gari lile, na ndani yake huwezi kuona bila mtu anayejua kugonga. Tatizo ni kwamba hajawahi kutokea mtu wa kuutaja utazamaji huo kama kitu chenye jina na bei. Unafanywa kimya, na ukifanywa kimya unaonekana uvivu.

Na wateja wakubwa ndio wenye lawama kubwa hapa, kuliko mama wa Katuba. Shule, parokia, makampuni, ofisi za komini: hawa wana pesa taslimu, na karatasi wanazotoa kutafuta mkataji, zile nilizowahi kuonyeshwa, zinahesabu miti ya kuangushwa. Kuangusha miti 12, bei kwa mti. Hakuna mstari wa kukagua, kwa hiyo mkataji akigundua kwamba saba kati ya hiyo 12 ni mizima na inahitaji tu kupunguzwa, ukweli huo utampunguzia malipo kwa zaidi ya nusu. Nani atausema? Kama karatasi hiyo ingeanza na neno "kukagua", ikalipia ripoti ya ukurasa mmoja kwa kila mti, kisha ikalipia kazi kulingana na ripoti, gharama huenda ingeshuka na avenyu zingebaki na kivuli. Isitoshe, wakataji wangekuwa na sababu ya kushindana kwa kujua. Mabadiliko haya hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji mhasibu mmoja akubali mstari wa ziada.

Sitadanganya kwamba hakuna atakayeumia. Kazi ikianza kulipia ujuzi, baadhi ya vijana wa getini wataachwa nyuma, na msumeno waliokopea pesa utakaa chini ya kitanda. Wauza kuni wa mjini watapata kidogo, na makala itabidi itoke mbali zaidi, kwenye miombo ileile tunayoililia. Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua, na sina jibu lake ndani ya kazi ya kukata miti. Jibu liko jikoni, na ni mjadala wa siku nyingine.

Yule mzee wa Kampemba nilikutana naye tena mwaka huu, mwezi wa nane, njiani kuelekea Ruashi, ngazi amemfungia kijana wa baiskeli. Amejiwekea bei mpya. Dola kumi kuja kutazama, na akisema usikate, ni kumi zilezile. Watu wanacheka, akaniambia, wanamwita daktari wa miti na kufunga geti. Nilimwuliza wangapi wamelipa tangu aanze. Akafungua daftari lenye jalada lililochanika, akahesabu kwa ukucha: sita. Miti miwili aliiangusha. Minne imesimama, na katika parsele mbili kati ya hizo ameitwa tena, na jirani wa upande wa pili wa ukuta.